Nyaya Tatu za Nyumba ya Nane

Mji wa Mwitiko ulikuwa na desturi moja ambayo hakuna mji mwingine mlimani uliokuwa nayo, na watu wake hawakuchoka kuiringia. Kila asubuhi, jua hafifu la Utusitusi lilipopenya majivu ya angani, mtu mmoja alitoka katika kila nyumba, akasimama mbele ya mita iliyopigiliwa mlangoni, akasoma kwa sauti ili majirani wamsikie.

“Nyumba ya Kwanza, ishirini!”

“Nyumba ya Pili, ishirini!”

Zikaitikiana hivyo mpaka ya nane, na kila moja ilikuwa ishirini. Ampea ishirini, si kumi na tisa wala ishirini na moja. Waya mmoja ulitoka kwenye Kinu cha umeme kilichozungushwa na mvuke wa ardhini, ukaingia Nyumba ya Kwanza kupasha joto kitalu cha miche ya migomba, ukatoka ukaingia ya Pili, ukafuatana hivyo nyumba kwa nyumba, kisha ukarudi ulikotoka. Hapakuwa na swichi ya mtu binafsi. Akizimwa mmoja, wamezimwa wote. Juu ya mlango wa Kinu walikuwa wamechonga maneno manne: MKONDO MMOJA, JOTO MOJA.

Tusekile, Mlinzi wa Waya, alizisikiliza zile sauti akiwa ameegemea ukuta wa Kinu na kikombe cha uji mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na baba yake ndiye aliyeutandaza waya ule mwaka wa kwanza wa Utusitusi, majivu yalipofunika jua, mwaka ambao miji ya bondeni iligombania majenereta mpaka ikamalizana. Hapa hakuna aliyegombana. Kila aliposikia “ishirini” ya nane, kifua chake kilijaa.

Asubuhi hiyo Mama Subilaga, mwenyekiti wa baraza, alimfuata pale pale.

“Mlinzi, umeamkaje?”

“Salama, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Leo saa saba baraza linakaa. Nyumba ya Nane imepoteza miche msimu wa tatu mfululizo, na sheria unaijua. Andaa daraja.”

Daraja lilikuwa pande la shaba lenye urefu wa mkono. Likiwekwa mahali waya unapoingilia nyumba na mahali unapotokea, mkondo hupita juu ya daraja, na nyumba ile inabaki imerukwa. Nyumba iliyorukwa haina kitalu, isiyo na kitalu haina migomba, na asiye na migomba hana budi kushuka bondeni, ambako hakuna aliyewahi kurudi kutoa habari. Kwa miaka thelathini na moja, Mwitiko ilikuwa imeruka nyumba moja tu, ya bwana mmoja aliyegeuza kitalu chake kuwa mtambo wa pombe.

“Nikaikague kwanza,” Tusekile alisema. Mlinzi haruki nyumba asiyoikagua.

“Kakague. Ila mama yule tulimpa nyaya tatu, Tusekile. Tatu! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ana mwaka wa nne na jembe hajalishika.”

* * *

Nyamizi alimkaribisha kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miaka kama hamsini, aliyepanda mlima kwa miguu kutoka Tabora na binti zake wawili baada ya kumzika mume njiani. Ndani ya kitalu chake, Tusekile aliiona pumzi yake mwenyewe ikitoka kama moshi. Miche ilikuwa imelala kwenye tope, meusi matupu majani yake.

Juu ya tuta zilipita nyaya tatu, mmoja kando ya mwingine, zimefungwa pamoja kwenye ncha zote mbili. Ndizo zawadi iliyoimbwa mpaka kwenye harusi. Nyumba nyingine zote zilikuwa na waya mmoja mmoja. Lakini Nyamizi alipowasili, mzee Gwakisa, baba yake Tusekile, alisimama mbele ya watu akasema kwamba mgeni hapewi sawa na mwenyeji, mgeni huzidishiwa. Akazitoa nyaya tatu za mwisho ghalani, akazifunga mwenyewe. Mji mzima ulipiga vigelegele siku ile, na Tusekile aliyekuwa ameshika taa alilia kwa furaha ya kuzaliwa na mtu wa namna ile.

“Mna nyaya tatu, mama,” alisema sasa, akijitahidi sauti isiwe kali. “Sisi tuna mmoja mmoja. Inakuwaje?”

“Tunazo tatu,” Nyamizi alijibu. “Na tunashukuru sana.”

Alisema hivyo tu, akaangalia pembeni. Tusekile alitaka kukasirika, maana hasira ingemrahisishia kazi ya saa saba. Lakini baridi ile haikuwa ya uvivu. Mtu mvivu hawezi kuifanya hewa iwe baridi.

Kwenye mkoba wake kulikuwa na mita ya volti aliyoiokota chini ya sanduku la baba yake mwezi uliopita, akaitengeneza kwa kujifurahisha tu. Hakuna mtu Mwitiko aliyepima volti. Mkondo ulikuwa mmoja, joto lilikuwa moja, sasa volti za nini? Aligusisha ncha moja ya mita mwanzo wa nyaya na nyingine mwisho wake. Mshale ukapanda kidogo ukasimama kwenye ishirini.

Akavuka ua akaingia Nyumba ya Saba, akapima. Sitini. Ya Sita, sitini. Alizizunguka nyumba zote saba, wenyeji wakimtania kwamba Mlinzi ametumwa kuchunguza masufuria yao, na zote zilikuwa sitini. Aliporudi Nyumba ya Nane, mshale ulisimama pale pale kwenye ishirini.

Alitoka bila kuaga. Nyamizi alimtazama akienda.

* * *

Karakanani, alichukua chaki akaandika juu ya meza ya mbao. Volti sitini, kwa mkondo wa ampea ishirini, huo ni ukinzani wa omu tatu. Ndivyo zilivyokuwa nyumba saba, kila moja na waya wake mmoja. Nyumba ya Nane ilikuwa volti ishirini kwa ampea ishirini, yaani omu moja. Jumlisha nyumba zinazofuatana: tatu mara saba ni ishirini na moja, ongeza moja, ishirini na mbili. Kinu kilisukuma volti mia nne na arobaini. Mia nne na arobaini kwa ishirini na mbili ni ishirini. Hesabu ilikaa sawasawa, na kukaa kwake sawasawa kulimtisha.

Ndipo alipoandika joto lenyewe, yaani volti mara ampea. Sitini mara ishirini, wati elfu moja na mia mbili. Ishirini mara ishirini, wati mia nne. Miche ya kitalu kizima haikuwahi kuishi Utusitusi kwa chini ya wati elfu moja.

“Unachora nini tena?” Mzee Gwakisa aliingia akijifuta mikono. Alikuwa na miaka sabini na mbili na bado alibeba gunia la makaa peke yake watu wakiwa wanamwangalia.

“Njoo uone, baba.”

Alimweleza polepole. Mzee alianza kwa kucheka. Kabla ya Utusitusi alikuwa fundi bomba, na umeme alijifundisha ukubwani kwa shida za dunia. Kwenye maji, mabomba matatu huleta maji mara tatu. Nani asiyejua hilo?

“Umeme hautoi joto unapopita kwa raha,” Tusekile alisema. “Hutoa joto unapopita kwa kusukumana. Ampea ishirini zikikuta waya mmoja, zote zinabanana humo. Zikikuta nyaya tatu sambamba, zinagawana, chini ya saba kila waya, zinapita zikipiga mbinja. Nyaya tatu za omu tatu tatu zikilala sambamba, ukinzani wake si tisa. Ni moja.”

Mzee aliichukua chaki. Alirudia hesabu mara mbili, midomo ikimchezacheza. Mara ya tatu hakuimaliza. Alikaa kwenye kigoda, na Tusekile akaona jinsi mtu anavyozeeka mbele ya macho yako.

“Mimi ndiye niliyezifunga,” alisema. “Kwa mikono hii.”

“Ulimpa kwa moyo, baba.”

“Nilimgandisha kwa moyo.” Akairudisha chaki mezani. “Ukiziondoa mbili?”

“Inabaki omu tatu kama sisi. Jumla ishirini na nne. Mkondo unashuka mpaka kumi na nane na kitu, na kila nyumba inapata wati elfu moja na nane.”

“Nane tu juu ya kifo.”

“Nane tu.”

Mzee aliinuka akafunga mlango. “Basi sikiliza, mwanangu. Ziondoe kimyakimya. Kesho wakisoma kumi na nane, tuwaambie Kinu kimechoka. Watalalamika, watazoea.”

“Tuwadanganye?”

“Unadhani naogopa aibu tu? Naiogopa, sikatai. Lakini fikiri. Ukiwaambia watu kwamba anayerefusha waya wake ndiye anayekula joto la wenzake, na mita ya mlangoni haimwoni, kesho kutwa kila nyumba ina waya uliozungushwa chini ya kitanda. Miaka thelathini na moja hatujaibiana, Tusekile. Unajua kwa nini?”

“Kwa sababu sisi ni watu waaminifu.”

“Kwa sababu hatukujua namna.”

Neno lile lilimchoma kuliko hesabu. Alikuwa ameringia mji huu tangu alipojua kusimama, na sasa hakujua kama alikuwa akiringia uaminifu au ujinga. Akinyamaza, Nyamizi anabaki mlimani, baba anabaki na heshima yake, mji unabaki na amani. Hakuna anayepungukiwa na chochote ila ukweli. Na akisema, huenda akawa yeye ndiye aliyewafundisha watu wa Mwitiko wizi.

“Kama ni waaminifu kwa kutojua tu,” alisema mwishowe, “basi bado hatujawahi kuwa waaminifu hata siku moja. Nataka nijue, baba.”

Gwakisa aliufungua mlango. Alitoka nje na kumwacha na chaki yake.

* * *

Saa saba, uwanja wa Kinu ulijaa. Daraja la shaba lilikuwa juu ya meza, mbele ya Mama Subilaga. Nyamizi na binti zake walikaa mbele, wamevaa nguo zao nzuri, na mizigo mitatu ilikuwa tayari imefungwa miguuni pao.

Tusekile hakulishika daraja. Alileta ubao, betri, na vipande vinne vya waya. Kipande kimoja alikiweka peke yake. Vitatu akavilaza sambamba, akaviunganisha vyote katika njia moja, kama nyumba zilivyofuatana. Kila kipande akakidondoshea tone la nta.

“Mkondo ni mmoja,” alisema. “Mita hii hapa, someni. Sasa niambieni nta ya wapi itayeyuka kwanza.”

“Kwenye tatu!” walijibu karibu wote, wakicheka, maana swali lilikuwa la kitoto.

Walisubiri. Nta ya waya ule mmoja ililainika, ikang'aa, ikachuruzika. Kwenye zile tatu, matone yalikaa vile vile kama yalivyodondoshwa. Kicheko kilikwisha polepole, mstari kwa mstari, kadiri watu wa nyuma walivyosimama kuona.

Akawaeleza yote, akaandika ubaoni kwa namba kubwa. “Tukiiruka Nyumba ya Nane leo, ukinzani unabaki ishirini na moja, na kila mmoja wetu anapata wati elfu moja na mia tatu kumi na saba. Tukiacha kama ilivyo, sisi tunabaki na elfu moja na mia mbili, wao mia nne. Tukimwachia mama huyu waya mmoja, nyumba zote nane zinapata elfu moja na nane.”

“Kwa hiyo tukimfukuza tunapata joto zaidi,” alisema mwanamume wa Nyumba ya Tano, si kwa ubaya, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri.

“Ndiyo.”

“Na ukiyasema haya,” Mama Subilaga alidakia, jicho lake kali likiwa limeganda kwenye ubao, “umetufundisha pia kuibiana. Mimi si mwanahesabu, lakini nimeona. Mwenye waya mrefu anakula.”

“Ndiyo, mama.”

Minong'ono ikapanda. Tusekile aliona majirani wakitazamana, kila mmoja akiipima nyumba ya mwenzake kwa macho, akahofu kwamba baba yake alikuwa amesema kweli.

Nyamizi akasimama. Hakuwahi kuzungumza barazani hata mara moja kwa miaka minne.

“Naomba chaki, dada.”

Tusekile akampa. Nyamizi aliandika kwa mwandiko mnyoofu, wa mtu aliyezoea. “Nikizifungua hizi tatu, nikaziunga kichwa kwa mkia, zinakuwa omu tisa. Jumla ya mji thelathini. Mkondo unashuka chini kidogo ya kumi na tano. Nyinyi kila nyumba mnapata wati mia sita na arobaini na tano, miche yenu yote inakufa. Mimi napata elfu moja mia tisa na thelathini na sita.” Akaweka chaki mezani. “Ni kazi ya koleo moja. Isingezidi dakika kumi.”

Akawageukia watu.

“Mume wangu alikuwa fundi wa transfoma, na mimi nilimshikia vifaa miaka ishirini na mbili. Niliijua hesabu hii siku ile ile mlipokuwa mkipiga vigelegele.”

“Ulijua?” Mama Subilaga aliinuka nusu. “Misimu mitatu unalala njaa na wanao, unajua? Kwa nini hukusema?”

“Kwetu mgeni haikosoi zawadi mbele ya aliyempa. Na mzee huyu alitoa za mwisho alizokuwa nazo. Nilimwona uso wake.” Akaitazama mizigo miguuni pa binti zake. “Nilifikiri, kama wakigundua wenyewe, vizuri. Wasipogundua, nitashuka nilikotoka. Lakini kuiba joto la watu walionivika nyaya tatu, hilo sikulifikiria hata asubuhi moja.”

Mwishoni mwa umati, mzee Gwakisa alijipenyeza, akipiga watu vikumbo bila kuomba radhi. Alipofika mbele alivua kofia yake ya sufu.

“Leo asubuhi nilimwambia binti yangu kwamba sisi hatujaibiana kwa sababu hatujui namna,” alisema. “Kumbe alikuwepo mmoja kati yetu aliyejua, akavumilia. Na tulikuwa tunamwita mvivu. Mimi nikiwemo.” Akamgeukia Nyamizi. “Mama, naomba unisamehe, kisha nikunyang'anye nyaya mbili.”

“Ninyang'anye, mzee wangu,” Nyamizi alisema. “Nilidhani hutaniomba kamwe.”

Kicheko kilipasuka, cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi muda mrefu mno. Mama Subilaga alikiacha kiishe. Kisha alilichukua daraja la shaba, akaliweka chini ya meza, akasimama wima.

“Nyumba ya Kwanza inapungua,” alisema. “Na mimi nataka Mlinzi aje kunipima nyumbani kwangu mbele ya watu, kila anapotaka, na anifundishe kumpima yeye.”

“Ya Pili inapungua.”

“Ya Tatu.”

“Ya Nne.”

Mwanamume wa Tano alisita. Alikuwa na watoto sita, na wati nane ni kitu chembamba sana cha kuwaegemezea watoto sita. Alikuna kidevu, akautazama ubao, akamtazama Nyamizi. “Kama mama huyu aliweza mia nne na asituguse,” alisema, “mimi nitashindwaje na elfu moja? Ya Tano inapungua.”

Tusekile hakuweza kuhesabu zilizobaki, kwa kuwa macho yalikuwa yamejaa machozi. Hakuyafuta. Hii haikuwa fahari ile ya asubuhi, ya kuegemea ukuta na kikombe cha uji. Hawa walijua kila kitu sasa, njia ya kuiba walikuwa wameandikiwa ubaoni kwa chaki, nao walikuwa wanasimama mmoja mmoja kupungua.

Walikisimamisha Kinu. Gwakisa aliingia Nyumba ya Nane na koleo lake, akazikata nyaya mbili, asikubali kusaidiwa. Kinu kilipowashwa tena, Tusekile alikimbia nyumba hadi nyumba na mita yake, watu wakimfuata nyuma kama harusi. Hamsini na tano. Hamsini na tano. Mara nane, volti hamsini na tano, na mara ya mwisho aliitoa mita mikononi mwake akampa Nyamizi aisome yeye.

“Hamsini na tano,” Nyamizi alisoma. Halafu, kama asiyeamini namba, aliinama akaweka kiganja juu ya ule waya mmoja uliobaki, akakichomoa upesi, akakipuliza.

“Umeniunguza!” alisema, na binti zake wakarukia tutani kutaka kuungua nao, huku mzee Gwakisa, nyaya mbili begani, akiwagombeza mlangoni wasiguse kitu cha watu chenye moto.